Nira na Chai ya Saa Nne

Kwii, kwii, kwii.

Ilikuwa sauti ya kifuniko cha chupa ya chai kikikazwa jikoni. Nje bado kulikuwa na giza, na jogoo ndiyo kwanza alikuwa akijaribu koo lake. Phelista alijifunika blanketi hadi kichwani. Aliichukia sauti ile. Ilimaanisha kwamba Kukhu ameshaamka, ameshapika chai, na kwamba kazi itakapokuwa imepamba moto, chai hiyo itawasimamisha wote.

Kukhu ndivyo watoto wengi wa Bungoma wanavyomwita nyanya yao. Kukhu wa Phelista aliishi kijijini karibu na Chwele. Phelista mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwao kulikuwa Kitale, mtaa wa Matisi. Hakuwa amekuja kwa hiari yake. Viola, mke wa mjomba wake, alikuwa amejifungua juzijuzi, naye ndiye aliyezoea kutangulia mbele ya maksai wakati wa kulima. Mjomba alikuwa mjini Lwakhakha kwenye biashara yake. Aliyebaki nyumbani ni Levi, kijana wao mkubwa. Levi aliijua plau vizuri, lakini mtu hawezi kuwa nyuma ya plau na mbele ya maksai kwa wakati mmoja.

"Utaenda umsaidie Kukhu," mama yake alikuwa amemwambia wiki ile likizo ya Agosti ilipoanza. "Akina mama wa kikundi wanakuja kumpandia maharagwe Jumamosi. Shamba likishalimwa, unarudi."

"Na fainali, Mama? Fainali ni Jumamosi saa nane!"

"Basi limeni haraka. Lakini usinirudie hapa kabla kazi ya mama yangu haijaisha."

Phelista ndiye aliyekuwa mlinda lango wa timu ya wasichana ya Matisi. Mlinda lango wa akiba, Jelimo, alikuwa msichana mwema sana, ila mpira ukimjia alifumba macho. Phelista alipomfikiria Jelimo amesimama golini siku ya fainali, alipandwa na hasira.

Asubuhi ile ya Jumatatu walianza kulima kulipopambazuka. Maksai walikuwa wawili. Waziri alikuwa mnene, mwenye mwendo wa maringo. Padri alikuwa mweusi tii, isipokuwa ukanda mweupe uliozunguka shingo yake. Levi alipenda kusema kwamba huyo ndiye padri pekee aliyevaa kola hata akienda shambani.

Phelista alitangulia na kamba. Levi alishikilia plau nyuma. Kukhu aliwafuata akiokota mizizi ya nyasi za sangari na kuirundika kando, maana sangari ikiachwa udongoni humea upya kama haijaguswa. Udongo ulikuwa na unyevu, plau ilizama vizuri, na mistari ilinyooka.

Lakini kila walipofika mwisho wa shamba, Kukhu aliinua mkono.

"Waacheni wapumue kwanza."

Walisimama. Maksai walipumua, pua zikitoa mvuke kwenye baridi ya asubuhi. Kisha waligeuka na kuendelea. Mwisho wa pili, mkono ukainuka tena. Na saa nne ilipofika, Kukhu alivua nira kabisa. Aliwasugua maksai shingoni kwa kiganja, mahali nira ilipokuwa imekandamiza, akawaelekeza kwenye maji, kisha akafungua chupa ya chai. Katika boma lile nira haikukaa shingoni jua likiwa kali. Kulima kungeendelea jioni.

"Tena?" Phelista alifoka. "Kukhu, si tumesimama saa hii tu!"

"Kaa chini, mama. Viazi vitapoa."

"Sitaki viazi! Nataka tumalize! Kila saa kusimama, kila saa kusimama. Hii ni kazi ama ni harusi?"

Levi alicheka hadi chai ikampalia. "Bana, huyu wa Kitale ana moto! Tukufunge wewe nira basi, tuone."

"Nyamaza, Levi!"

"Si nimesema tu. Ungemaliza shamba lote kabla ya lanchi."

Kukhu hakukasirika. Alimmiminia Phelista chai katika kikombe chenye mkono, akamchagulia kiazi laini. Yeye mwenyewe alitumia kopo lisilo na mkono, akilishika kwa pembe ya leso ili lisimchome. Phelista alipokea kikombe bila kusema asante na kuwapa wote mgongo.

Jumanne asubuhi Kukhu alivaa gauni lake la kanisani. Mtoto wa Viola alikuwa na siku yake ya chanjo, na Viola hakuwa na nguvu za kwenda kliniki peke yake.

"Levi," Kukhu alisema akifunga leso, "saa nne ikifika, fungua maksai. Wanywe maji, walale kivulini. Jioni nitakuwa nimerudi, tutaendelea. Umesikia?"

"Nimesikia, Kukhu."

"Na wewe, Phelista, chai iko kwenye chupa. Msiiache ipoe."

Walilima vizuri asubuhi hiyo. Saa nne ilipofika, Levi aliegemeza plau na kujinyoosha mgongo. Alitaka kuifungua nira, lakini Phelista alimzuia.

"Ngoja. Ukiangalia hapo, tukiendelea tu, leo tunafika kwenye ule mgomba. Kesho tunamaliza shamba. Kesho kutwa niko Kitale, nafanya mazoezi na wenzangu."

"Kukhu amesema tufungue."

"Kukhu hayuko. Na akirudi akute tumelima sehemu kubwa hivi, atatuambia nini? Si atafurahi?"

Levi alisitasita. Alitazama jua, akatazama njia ya kliniki.

"Ama umechoka?" Phelista aliuliza. "Sema tu umechoka. Nitawaambia wasichana wa Matisi kuna kijana Chwele, mkubwa hivi, anachoka saa nne kama mtoto wa nasari."

Hapo Levi alikunja uso. "Nani amechoka? Shika kamba yako. Twende!"

Waliendelea. Hawakusimama mwisho wa shamba, hawakunywa maji, na chupa ya chai ilibaki imeegemea rundo la sangari. Mwanzoni Phelista alifurahi. Alihesabu kila mstari moyoni. Kisha jua likapanda. Jasho lilimwingia machoni, na kichwa kikaanza kumgonga. Kisigino chake kiliungua ndani ya raba. Nyuma yake alimsikia Levi akilalamika kwamba plau inaruka.

"Ishikilie basi!" Phelista alipaza sauti bila kugeuka.

"Ninaishikilia! Wewe ndiye unaenda upande!"

"Mimi? Macho yako ndiyo yamepinda!"

"Usiniletee kelele, Phelista. Nitaacha hii plau hapa hapa."

Waliteta hivyo, mstari baada ya mstari. Waziri aliburuta miguu. Padri alianza kupumua kwa mdomo, ulimi ukining'inia, mate yakidondoka kwa nyuzi ndefu. Phelista aliona. Aliona, lakini alikuwa anauangalia mgomba, na mgomba ulikuwa karibu.

Ghafla kamba ilimvuta nyuma, nusura aanguke. Padri alikuwa amepiga magoti. Alikaa hivyo kitambo kidogo, kama mtu anayesali kweli. Kisha akalala ubavu juu ya udongo uliolimwa, nira ikimvuta Waziri kichwa chini.

"Inuka!" Phelista alipiga kelele. "Padri, inuka! Umebakisha kidogo tu!"

Alivuta kamba kwa mikono miwili, lakini Padri hakusogea. Phelista aliokota fimbo na kumchapa mgongoni. Padri hakuinua hata sikio. Alimtazama tu kwa jicho moja kubwa jeusi, mbavu zake zikipanda na kushuka haraka haraka.

"Acha!" Levi alimnyang'anya fimbo. "Unamuua! Tumemuua, Phelista!"

Levi alifungua nira kwa haraka. Phelista alitaka kumjibu, lakini aliona shamba likizunguka. Tone la damu lilimdondoka puani, likaangukia mkono wake. Alikaa chini palepale, karibu na kichwa cha Padri.

Hapo ndipo Kukhu alipowakuta.

Hakupiga kelele. Aliweka mkoba wake chini, akapiga magoti kwenye udongo na gauni lake la kanisani, akaweka kiganja shingoni mwa Padri. Phelista hakuwahi kuuona uso wa nyanya yake ukiwa hivyo. Midomo ilikuwa imefungwa kama mshono.

"Maji," alisema. "Levi, ndoo zote. Mmwagie kichwani polepole, na uweke mengine karibu na mdomo. Kisha ukate majani ya mgomba, umjengee kivuli. Halafu umpigie Wanyonyi simu."

Wanyonyi alikuwa daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki yake, akamsikiliza Padri kifuani kwa muda mrefu.

"Hana ugonjwa," alisema mwishowe. "Amechoshwa, na jua likammalizia. Mngemlazimisha kidogo tu, saa hii mngekuwa mnagawana nyama. Mpeni maji na kivuli. Kesho nira isimguse siku nzima. Akila vizuri kesho jioni, Alhamisi mtamwanzisha taratibu."

"Siku nzima?" Phelista aliropoka. "Basi hatutamaliza!"

Kukhu aligeuka. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini hata Levi alirudi nyuma hatua moja.

"Huyu ng'ombe amelima shamba hili tangu ukiwa darasa la kwanza. Unga uliokula Matisi, mwingine ulitoka kwenye shingo hii. Leo amelala chini, na wewe unaulizia kumaliza?"

"Ni nyinyi mlionileta!" Phelista alilia kwa hasira. "Sikutaka kuja! Kila mtu ana likizo, mimi niko hapa nafuata mikia ya ng'ombe! Jelimo atafungwa mabao, na itakuwa makosa yenu. Nikitoka hapa sirudi tena. Kamwe!"

Alikimbia hadi nyumbani, akajifungia chumbani. Alilia hadi kamasi zikachanganyika na damu kidogo iliyobaki puani. Alimkasirikia Kukhu, akamkasirikia Levi, akamkasirikia mtoto mchanga kwa kuzaliwa Agosti. Lakini kila alipofumba macho, aliliona lile jicho jeusi likimtazama, na hapo hakujua amkasirikie nani.

Mlango uligongwa taratibu. Kukhu aliingia na beseni la maji ya uvuguvugu. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, haikuwa imeondoka. Hata hivyo aliketi chini, akamvua Phelista raba, akaona lengelenge lililopasuka kisiginoni.

"Na hili ulilihisi saa ngapi?"

"Mapema," Phelista alinong'ona.

"Ukaendelea kutembea."

"Ndiyo."

Kukhu alikiosha kisigino, akakifunga kitambaa safi. Phelista angependa afokewe. Kimya kile, pamoja na mikono ile iliyoosha mguu wake polepole, vilimuuma kuliko fimbo.

Jumatano asubuhi kifuniko cha chupa kililia kwii kama kawaida. Phelista alitoka bila kuitwa. Alienda kwanza kwa Padri. Maksai yule alikuwa amesimama kivulini, dhaifu, lakini alikuwa akitafuna majani.

Kisha aliliona shamba. Mistari ya asubuhi ya Jumanne ilikuwa imenyooka. Ile waliyolima baada ya saa nne ilipinda huku na huku. Mahali pengine plau ilikuwa imekwaruza ardhi tu, na mahali pengine ilikuwa imeruka kabisa na kuacha nyasi zimesimama kama nywele za mtu aliyenyolewa gizani.

"Hata haikulimwa," Phelista alisema.

"Itabidi tuirudie yote kwa jembe," Levi alijibu, amejishika kiuno. "Jana tulipinda migongo bure, bana."

Basi walishika majembe, wote watatu. Levi, akiona aibu, alianza kwa kishindo, akilima kama mtu anayefukuzwa. Kukhu alilima kwa mwendo wake mdogo. Kila alipofika mwisho wa kipande, alisimama wima, akanyoosha mgongo, akanywa maji, akasema jambo kuhusu mtoto mchanga, kisha akaendelea. Phelista alitaka kumfuata Levi, lakini kisigino hakikumruhusu. Akabaki kando ya nyanya yake, akifanya kama yeye.

Kabla ya saa nne Levi alikuwa ameketi kwenye nyasi, viganja vimevimba, akipuliza kama Padri. Kukhu alimpita na jembe lake bila kubadilisha mwendo.

"Shikamoo, mjukuu," alimtania.

"Kukhu, wacha hizo bana," Levi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne wote walicheka.

Chupa ilipofunguliwa, Phelista aliwahi kuishika. Aliona sasa kwamba kikombe chenye mkono kilikuwa kimoja tu. Aliona pia vidole vya Kukhu, ncha zake zimekuwa ngumu kwa kushika makopo ya moto. Alimimina chai katika kikombe chenye mkono, akampa Kukhu kwa mikono miwili. Yeye alichukua kopo, akalishika kwa pindo la sweta.

"Kukhu," alisema akitazama chini. "Nisamehe. Na nilimpiga Padri. Levi hakukuambia, lakini nilimpiga."

"Nilikuwa nimeuona mstari wa fimbo mgongoni mwake," Kukhu alijibu. "Nilikuwa nangoja aliyempiga aniambie mwenyewe."

Alhamisi wakamrudisha Padri kwenye nira. Safari hii ni Phelista aliyeinua mkono kila walipofika mwisho wa shamba. Aliwaacha maksai wapumue, akamwachia nafasi hata Waziri aliyekuwa anajidai hajachoka. Saa nne nira ilitoka, na ni yeye aliyewasugua shingo. Mchana walilala. Jioni, upepo uliposhuka kutoka Mlima Elgon, walilima tena, na mistari ilinyooka kama iliyochorwa kwa rula. Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Jua lilipokuwa linazama, plau ilipita mgomba, ikapita mwisho wa shamba, na Levi akaiinua juu.

"Imeisha!" alipiga mbinja. "Phelista, imeisha bana!"

Walikaa juu ya udongo uliolimwa. Ingawa haikuwa saa nne, Kukhu alikuwa amekuja na chupa yake.

"Hasira yako ilikuwa na sababu," Kukhu alimwambia. "Ulikuwa na mchezo wako, na ulitaka kumaliza. Kutaka kumaliza si kosa. Lakini ulidhani muda wa kupumzika umeibwa kwenye kazi. Si hivyo. Kupumzika ni sehemu ya kazi, kama vile kunoa jembe kulivyo sehemu ya kulima. Mwili uliochoka hauoni vizuri, mkono unakosea, mdomo unatukana, na kazi inarudiwa. Mwili wa ng'ombe, mwili wa mtu, hata kichwa cha mwanafunzi anayesoma bila kuinua macho, vyote ni hivyo hivyo. Ukitaka kufika, simama njiani upumue. Anayekuzuia usipumue, hata kama ni wewe mwenyewe, usimsikilize."

Phelista alimtazama Padri akila nyasi, kola yake nyeupe imechafuka udongo.

Jumamosi alfajiri Levi alimsindikiza hadi Chwele, naye akafika Matisi mapema. Wakati akina mama wa kikundi wanatia maharagwe kwenye udongo uliolainika, Phelista alikuwa golini.

Jioni ya siku hiyo simu ya Kukhu ililia.

"Kukhu! Tumeshinda! Bao moja kwa bila!"

"Ehe! Na Jelimo?"

"Jelimo alikaa benchi akapiga makofi, macho yakiwa wazi! Kukhu, wale tuliocheza nao wametoka Kachibora, wana nguvu kweli. Wakati wa mapumziko wao walikuwa wanapiga danadana kutuonyesha. Wenzangu wakataka na sisi tupige. Nikawakasirikia! Nikawaambia kaeni chini, nyoosheni miguu, kunyweni maji. Kipindi cha pili wale walichoka kabisa."

"Kwa hiyo bado una hasira," Kukhu alicheka.

"Kidogo tu. Ile inayofaa."

Kukhu alicheka tena. Kwenye simu, nyuma ya Kukhu, Phelista alisikia mtoto mchanga akilia, Levi akiimba vibaya, na mahali fulani, ng'ombe akiguna.

"Umesikia? Huyo ni Padri," Kukhu alisema. "Tangu asubuhi amesimama penye lango anatazama barabara, na mimi nimeanza kutazama naye. Ulisema hutarudi tena hapa, mama. Lakini maharagwe yakikomaa mtakuwa mmefunga shule. Kikombe chenye mkono nitakuwekea wewe. Utakuja tena kutuona?"